Karani Asiyejua Utani

Mwantumu Semboja alijua mambo yameharibika pale Mzee Mayunga aliposema, "Hujambo, Bi Mratibu."

Mwantumu alikuwa amepiga magoti kwenye ua wa makumbusho, anafumua mafungu ya katani kwa ajili ya somo la kusokota kamba. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku ya shughuli za jamii katika Makumbusho ya Kambi ya Kwalukindo. Asubuhi kina mama na watoto walisokota kamba kama walivyosokota mababu zao katika shamba la mkonge. Saa nne walikunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha. Baada ya hapo wazee walikaa mmoja mmoja kwenye kiti cha kauli na kusimulia. Mwantumu ndiye aliyezipanga shughuli hizo kwa miaka kumi na moja, na katika miaka yote hiyo Mzee Mayunga hakuwahi kumsalimia kistaarabu hata mara moja.

Mzee huyo alikuwa Mnyamwezi. Mwantumu alikuwa Mzigua. Makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hakusalimii kwa adabu. Salamu yake ilikuwa, "Wee takataka ya Mto Pangani, mamba bado hajakula tu?" Naye Mwantumu, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye cheo na miwani, alikuwa akijibu mbele ya wageni, "Shikamoo, fisi wa Tabora. Mamba alikuja, akasikia harufu yako akarudi majini."

Leo mzee alisimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Shikamoo, fisi," Mwantumu alijaribu. "Umelala njaa nini, hata tusi huna?"

"Marahaba." Hakucheka. "Sitakuchelewesha, mama. Nimekuja kuuliza tu. Juzi Alhamisi Karani alitangaza kwamba nihame baada ya siku kumi na nne. Sasa hiyo Alhamisi yenyewe inahesabiwa?"

Kina mama waliokuwa wakisokota kamba waliacha kuzungumza.

"Sijui, babu. Nitaangalia."

"Na kisima cha nyuma? Kile nilikichimba mimi mwenyewe, mwaka ule wa ukame. Ila sikidai. Nauliza nijue tu."

"Babu Mayunga, hebu tukae ndani."

"Hapana, una kazi." Aligeuka kuondoka, halafu akakumbuka jambo. "Mwambie kaka yako, akishahamia, ule mlango wa uani hukwama mvua zikianza. Asiusukume kwa nguvu, ataung'oa. Auinue kidogo, utafunguka wenyewe."

Akaondoka polepole, akiwapungia kina mama mkono. Mwantumu alibaki na katani mapajani. Uso ulikuwa ukimwaka kana kwamba amepigwa kofi, na hakukuwa na mtu aliyempiga.

*

Karani hakuwa mtu. Watoto wa siku hizi hudhani neno hilo tangu mwanzo lilikuwa jina la mashine, lakini Kwalukindo walilitoa mbali. Wakati wa shamba la mkonge karani alikuwa bwana mwenye kalamu aliyekaa mezani asubuhi, manamba, vibarua wa shamba, wakapita mbele yake, naye akaandika nani yupo na nani hayupo. Alichoandika ndicho kilichokuwa kweli. Ukikata mkonge kutwa nzima naye asikuandike, hukukata.

Kisha vizazi vikapita, ukafika wakati ambapo maandishi hayakuaminika tena. Hati ya nyumba, picha ya harusi, sauti ya marehemu akitoa wasia, vyote hivyo kifaa chochote cha mfukoni kiliweza kuvitunga kabla hujamaliza kupiga chafya. Mahakama zilijaa hati tano tano za kiwanja kimoja, zote safi. Ndipo ikaja Sheria ya Kauli. Tangu hapo kilichohesabika ni neno la mtu aliye hai, aliyelitamka mbele ya watu, uzi wa Karani ukiwa umefungwa kwenye kifundo cha mkono wake. Uzi ulisikiliza mapigo ya damu, jasho na pumzi. Mwenye kudanganya, mwili ulimsaliti.

Na kwa kuwa wazee wenye kukumbuka walikuwa wamezoea kukutana makumbusho, viti vya kauli viliwekwa huko. Hivyo ndivyo jengo dogo la mabati, lililokuwa na majembe yaliyokufa makali na vipande vya manamba, yaani kadi na vibati vyao vya kazi, lilivyogeuka mahali pa kuamua nani alale wapi.

Sheria iliacha nafasi moja kwa binadamu. Kila kauli ilipokwisha, Karani aliuliza kwa ile sauti yake ya mtu aliyesoma vizuri na hajawahi kuugua, "Mthibitishaji, je, kauli hii imetolewa kwa dhati?" Mthibitishaji wa Kwalukindo alikuwa Mwantumu. Alitakiwa kujibu ndiyo au hapana. Akisema hapana, aliyeketi kitini aliandikwa mwongo. Neno lake halikuhesabika tena popote, hata kushuhudia ndoa ya mjukuu wake.

Mwezi wa pili, katika kikao cha kauli tano, baba yake Mwantumu alikuwa wa kwanza kuketi. Mzee Semboja alikuwa mtu wa maneno machache. Siku hiyo alizungumza kwa robo saa nzima. Alimtaja mama yake Mwantumu, ambaye alikuwa hajamtaja tangu alipomzika miaka arobaini iliyopita. Alieleza jinsi walivyokutana bombani, jinsi yule binti alivyokataa kutwishwa ndoo na mtu asiyemjua, na jinsi alivyomfuata nyuma hadi mlangoni bila kusema neno, akimhesabia hatua. Mia tatu na kumi na mbili. Mwantumu alimsikiliza mama yake akitembea.

Wakafuata wengine watatu, na wa mwisho akawa Mzee Mayunga. Alitakiwa kueleza jinsi ukoo wake ulivyopata nyumba namba tisa ya kambi. Alifungwa uzi, akamtazama rafiki yake Semboja aliyekuwa kwenye benchi la mbele, akakunja uso kama jaji.

"Nyumba ile tuliiba," akasema. "Babu wa babu yangu alifika hapa kutoka Tabora na vumbi hadi masikioni, akamkuta babu wa huyu Semboja amelala chini ya mkokoteni wa mkonge. Wazigua, kazi mnaijua nyinyi? Akamvua kipande chake cha kazi shingoni, taratibu, hata hakugeuka. Akaenda kwa karani akaandikishwa yeye. Nyumba wakampa yeye. Mwenyewe alipoamka saa kumi akauliza kama chakula kiko tayari. Kwa hiyo nyumba ni yao. Waje waichukue, kama wana nguvu ya kuinua hata tofali moja."

Watu walicheka mpaka wengine wakaanguka kutoka kwenye mabenchi. Mzee Semboja alicheka akakohoa, akakohoa akacheka. Mayunga peke yake hakucheka, kwa sababu mtani hodari hacheki. Huwaachia wengine.

"Mthibitishaji," Karani akauliza, "je, kauli hii imetolewa kwa dhati?"

Mwantumu alikuwa akifuta machozi ya kicheko. Aliona majibu mawili mbele yake. Hapana, na babu Mayunga aandikwe mwongo mbele ya wajukuu zake kwa kosa la kuwafurahisha watu. Ndiyo, na mambo yapite. Nani angeuchukua upuuzi ule kwa uzito?

"Ndiyo," akasema.

Wiki tatu baadaye baba yake alifariki. Mzee Mayunga alikuja msibani, akavaa koti la marehemu, akatembea ua mzima kwa mwendo wa marehemu, akidai hazikwi mtu mpaka yeye apewe jogoo. Waombolezaji walilia na kucheka kwa pamoja. Karani, kule makumbusho, alikuwa akipanga kauli zake, na baada ya miezi mitano alitoa uamuzi. Nyumba namba tisa, kwa ungamo la mkaaji mwenyewe, irudishwe kwa ukoo wa Semboja.

*

"Hatukumwibia mtu kitu," alisema Mbwana.

Alikuwa kaka yake Mwantumu, fundi wa mabomba ya umwagiliaji. Jioni hiyo ya Jumamosi alikuwa barazani kwake na futi ya seremala, akiandika vipimo vya madirisha ya nyumba ambayo haijawa yake.

"Mbwana, ulikuwepo. Ulicheka kuliko wote."

"Nilicheka, ndiyo. Mimi si mthibitishaji. Aliyesema ndiyo nani?"

Mwantumu alimkazia macho.

"Sasa usinitazame hivyo, dada. Mwanangu anaolewa mwezi wa kumi na mbili, atakaa wapi? Na nani ajuaye, huenda ni kweli. Hata yeye alikuwa mtulivu. Karani alimpima."

"Unajua si kweli."

"Najua." Alikunja futi. "Najua, na unajua, na kijiji kizima kinajua, na wote tumenyamaza tangu Alhamisi. Unadhani kwa nini? Kila mtu ana kauli yake mle ndani. Akianza mmoja kuchomoa, nani atabaki salama? Wewe mwenyewe una yako." Alisema sehemu hiyo kwa upole, na upole ndio ulioumiza. "Nakuona ukienda kila asubuhi kabla hawajafungua. Unadhani sijui unachokwenda kusikiliza?"

*

Kesho yake asubuhi Mwantumu alikwenda tena makumbusho. Aliketi kwenye benchi la mbele, akasema, "Karani, kauli ya Mzee Semboja," na baba yake akaanza kutembea kutoka bombani. Mwantumu alimwacha afike hatua ya mia tatu na kumi na mbili. Kisha akasema jambo alilokuwa amelikalia.

"Karani, nataka kuondoa uthibitisho. Kauli ya tano ya kikao hicho hicho."

"Sababu?"

"Haikutolewa kwa dhati."

"Mapigo ya mtoa kauli yalikuwa matulivu. Hakukuwa na dalili ya kudanganya."

"Hakuwa anadanganya. Alikuwa anatania."

"Neno hilo ninalo kwa maana ya mzaha. Mtu anayefanya mzaha, mapigo hupanda kabla ya kicheko. Yake hayakupanda."

Mwantumu alifikiri jinsi ya kumweleza. Mwongo hutetemeka kwa sababu anataka uamini. Mwenye kupiga porojo hupanda mapigo kwa sababu anasubiri ucheke. Mtani hasubiri kitu. Anajua utacheka, na anajua hutaamini, na amelijua hilo tangu kabla hujazaliwa. Waliomtengeneza Karani walikuwa werevu sana, ila bila shaka hawakuwa na watani.

"Nikikiri kwamba nilithibitisha nisichokiamini, itakuwaje?" aliuliza, ingawa sheria aliijua.

"Kikao hicho kitakuwa hakikuwa na mthibitishaji. Kauli zote tano zitafutwa, na uamuzi uliotokana nazo utaondolewa. Ungamo hufanywa mbele ya watu. Anayejishtaki hahitaji mthibitishaji."

"Waliotoa kauli wanaweza kuzirudia?"

"Walio hai wanaweza."

"Naweza kuchukua nakala ya ile ya kwanza? Ya baba?"

"Kauli haitoki nje ya kiti."

Alilijua jibu hilo, yeye ndiye aliyelieleza kwa watu mara mia. Simu yake mwenyewe ingeweza kumtungia sauti ya baba yake akisema chochote, akiimba hata. Aliwahi kujaribu, wiki ya kwanza baada ya mazishi, na sauti ile ilikuwa nzuri kiasi kwamba aliizima kwa woga. Hii ya kitini ndiyo pekee aliyokuwa na hakika ni ya baba yake.

Na hapo, kwenye benchi, katika ukumbi mtupu wa asubuhi, aibu iliyokuwa ikimzunguka ilikaa naye ubavuni kama mtu. Alikuwa amejidanganya kwamba alinyamaza kwa sababu ya sheria, kwa sababu ya mkanganyiko, kwa sababu ya Mbwana na harusi ya mwanawe. Haikuwa hivyo. Uamuzi ulitangazwa Alhamisi saa tano, na saa tano hiyo hiyo alikuwa ameshapiga hesabu yake. Nyumba ya Mayunga upande mmoja, hatua za mama yake upande wa pili. Akachagua hatua. Alilala akiwa amechagua, akaamka akiwa amechagua, na jana alipiga magoti kwenye katani akimwita yule mzee fisi, akitumaini mzee atamtukana ili ajione amesamehewa bila kuomba.

*

Katika wale wengine watatu, wawili walikuwa wazima. Aliwafuata Jumatatu, akawaeleza. Mmoja alikasirika, mwingine akauliza kama chai itakuwepo, na wote wakakubali kurudia kauli zao.

Aliyebaki ni Bi Namkunda.

Bi Namkunda alikuwa Mpare wa miaka themanini na kitu. Mwezi wa pili aliketi kitini na kusema sentensi sita. Alizaa mtoto wa kike kambini, akamwita Naetwe, kwa siku tisa. Mtoto alikufa kabla hajaandikwa mahali popote. Ndiyo kauli yote. Mwezi wa nne alipatwa na kiharusi, na tangu hapo mdomo wake haukutoa neno. Kila Jumamosi ya shughuli mkwewe alimleta makumbusho na kiti cha magurudumu hadi mbele ya ukuta wa majina ya watoa kauli, Karani akamsomea kauli yake, na mwanamke huyo mzee akasikiliza sauti yake mwenyewe ikilitaja lile jina.

Mkwewe alimkaribisha Mwantumu chumbani. Mwantumu alikaa sakafuni kwenye mkeka, akaushika mkono wa bibi, ule mzima. Alieleza kila kitu, polepole, bila kujipunguzia. Alisema mzee wa watu atatolewa nyumbani kwake kwa kosa lake yeye Mwantumu. Alisema ili kuzuia hilo lazima afute na ya Bi Namkunda, na haitarudi.

"Nimekuja kuomba ruhusa, bibi."

Bi Namkunda alimtazama kwa muda mrefu. Macho yake hayakuwa na kiharusi. Kisha akauvuta mkono wake kutoka mkononi mwa Mwantumu, akauweka chini ya kanga.

Walikaa hivyo. Kuku alipita mlangoni.

"Amechoka," alisema mkwe mwishowe.

Walipofika nje Mwantumu aliuliza, "Amesema hapana?"

Yule mwanamke alikuwa akifunga mlango.

"Mimi sijui amesema nini, Bi Mratibu. Wewe ndiye uliyezoea kuthibitisha waliyosema watu."

*

Jumamosi iliyofuata ilikuwa Siku ya Vipande. Familia zilileta kadi na vibati vya kazi vya mababu zao, vikapangwa juu ya meza ndefu. Watu walikuwa wengi, kwa sababu habari zilikwishatembea kwamba mratibu ana jambo. Mbwana alikuja, akasimama karibu na mlango. Mkwe wa Bi Namkunda alimleta mama mkwe wake, akamweka mahali pake pa kila siku, mbele ya ukuta ambapo majina ya watoa kauli yaliwaka kwa herufi ndogo nyeupe. Mzee Mayunga alikaa benchi la mwisho. Ilikuwa siku yake ya tisa.

Mwantumu aliketi kwenye kiti ambacho alikuwa amewakalisha wengine kwa miaka kumi na moja bila kukikalia. Alijifunga uzi mwenyewe; hakuwa amejua kwamba kwenye kifundo ni wa baridi hivyo.

Alisema. Hakusema kwa ufasaha. Alisema alithibitisha kauli ya Mzee Mayunga akijua ni utani. Alisema wakati ule alidhani anamlinda.

"Na baada ya uamuzi kutangazwa," Karani aliuliza, "uliendelea kuamini kwamba unamlinda?"

Uzi ulikuwa ukisikiliza. Ukumbi pia.

"Hapana. Nilijua anafukuzwa kwa uongo niliousimamia mimi. Nilinyamaza kwa siku mbili za kwanza kwa kutaka, na siku zilizobaki kwa woga."

"Ulinyamaza kwa ajili ya nyumba?"

"Si nyumba." Ilikuwa rahisi zaidi kusema nyumba. Nyumba watu wangeielewa. "Kauli ya baba yangu imo kwenye kikao hicho. Nilitaka kuendelea kuisikiliza. Niliona heri babu alale nje kuliko mimi niikose."

Hakuna aliyeguna. Angependa wagune.

"Ungamo ni la dhati," alisema Karani. "Kauli tano zinafutwa. Uamuzi wa nyumba namba tisa umeondolewa. Uthibitishaji wa Bi Mwantumu Semboja unakoma leo."

Kwenye ukuta majina matano yalizimika kwa pamoja, bila sauti. Mwantumu alikuwa ametarajia sauti. Mbwana alifungua mlango akatoka, akauachia wazi. Mbele ya ukuta, Bi Namkunda alikuwa bado amekaa na kichwa chake kimeinama upande kidogo, kama alivyozoea kukaa akisubiri asomewe. Mkwewe aliinama akamnong'oneza kitu. Bibi hakugeuza kichwa. Aliendelea kusubiri, na Mwantumu alilazimika kumtazama akisubiri, kwa sababu kiti cha kauli kilielekea huko.

"Ili kosa hili lisirudiwe," Karani aliendelea, "naomba maana ya neno utani, pamoja na mfano. Nani atanipa?"

Watu walitazamana. Kisha, kama nyasi zinavyolala upande mmoja upepo ukipita, vichwa vyote viligeukia benchi la mwisho.

"Twende, babu," mama mmoja alisema, akijaribu kucheka. "Mpe huyo mshamba somo. Hapo Mzigua amekaa, mtukane tu."

Mzee Mayunga alikuja mbele. Mwantumu alitoka kitini, mzee akaketi, na yeye ndiye aliyemfunga uzi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuufunga. Alisimama mbele yake karibu kabisa. Aligundua kwamba alikuwa amejiandaa. Mabega yalikuwa yamejiweka tayari, na mdomoni, pamoja na aibu yote, kulikuwa na jibu lililokwisha kuiva, la kumrudishia mzee mara tu atakapoanza. Alitaka kutukanwa kuliko alivyowahi kutaka kitu.

Mzee alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Alikuwa akitafuta kwa bidii, kama mtu anayepapasa mifuko yake yote akijua kitu kilikuwemo.

"Utani," alisema hatimaye, "ni neno ambalo mwenzio akilisikia, analiacha pale pale. Halichukui kwenda nalo nyumbani. Ndiyo maana unaweza kumwambia lolote. Marehemu Semboja nilimwambia mambo ambayo mke wangu sijamwambia. Yeye alikuwa anacheka, anakohoa, basi, yameisha."

"Na mfano?" Karani aliuliza.

Watu walisubiri. Mama aliyemhimiza alikuwa ameshaweka mkono mdomoni kujizuia kucheka.

"Mfano sina," alisema Mzee Mayunga.

"Hata mmoja?"

"Nilikuwa nao wengi. Nikimtazama huyu sasa hivi namwona bintiye Semboja, msomi, mtu wa serikali, leo amesema kweli mbele za watu na nyumba yangu nimebaki nayo. Hayo nayaona. Mtani simwoni. Simwoni, mwanangu. Natafuta."

Karani aliandika, au alifanya kile anachofanya badala ya kuandika. Watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja na kwenda mezani kuchukua vibati vyao.

Mzee Mayunga alijaribu kuufungua uzi kwa mkono wake wa kushoto. Vidole vyake havikuweza. Akamnyooshea Mwantumu mkono.

"Nisaidie hapa, tafadhali."

Mwantumu aliinama. Fundo lilimponyoka mara mbili. Mzee alisubiri kwa subira, akitazama pembeni ili asimwongezee haraka. Uzi ulipoachia, alijisugua kifundo cha mkono, akavaa kofia yake.

"Ahsante sana," alisema. "Nimekusumbua."

Na Mwantumu akamwitikia, kama mtu yeyote wa ofisini anavyomwitikia mzee wa watu, kwamba hakuna usumbufu wowote.